Trakta Isiyobeba Pini ya Akiba

Wiki ya mwisho kabla sijarudisha funguo, Trésor, mwenzangu aliyechukua kiti changu, alikagua sanduku la vifaa la trakta kama mtu anayetaka kununua nyumba. Alikuta boliti za aina zote, kila moja na ya pili yake. Alikuta visu vya kubadilisha, mipira ya mafuta, hata miwani miwili ya vumbi. Kisha akaniuliza maswali mawili. Kwa nini pini ya kadani imefungwa kipande cha kitambaa chekundu? Na kwa nini kila kitu humu kina cha akiba, isipokuwa pini hiyo?

Nilimwambia jibu ni refu.

"Andika basi, Papa," akasema. "Sasa uko na wakati."

Ni kweli, ninao, tena mwingi kuliko nilivyoomba. Naandika kwa ajili yake, kwa ajili ya Nadège anayeendesha trakta ya pili, na kwa wale watakaokuja baada yao. Mambo ya vyeo nitayaacha. Nilipata cheo kimoja tu, na sikumbuki kama kilibadilisha kitu zaidi ya rangi ya ovaroli.

Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Lubumbashi. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga akifuata kazi ya reli, na baba yangu alikata majani kandokando ya njia ya treni maisha yake yote, kwa kupekupe, lile panga refu lililopinda kichwani. Jumapili alikaa kanisani mikono ikiwa juu ya magoti, viganja vimetazama juu, kwa sababu havikuweza tena kunyooka vizuri. Mimi nami nilianza na kupekupe. Niliposikia kuna kampuni inayofyeka vichaka kwa trakta, nilikwenda kuomba kazi nikifikiri nitaanza kukaa kwenye kiti.

Siku ya kwanza tulikuwa karibu na mto Naviundu, kwenye kiwanja kilichoachwa hadi miti midogo ikazidi kimo cha mtu. Dereva alikuwa mzee mmoja mfupi aliyeitwa Vieux Kalenga. Hakunionyesha trakta. Alinipa fimbo.

"Tembea," akasema.

"Nitembee wapi, Vieux?"

"Pote."

Nilitembea kiwanja kizima, kwenda na kurudi, nikipigapiga ardhi kwa fimbo, huku yeye amekaa kivulini anakula karanga. Nilidhani ananicheka kwa sababu ni mgeni. Kufika mchana nilikuwa nimepata rimu ya lori, kipande cha reli kilichosimama wima ndani ya majani, waya uliojiviringa, visiki vitatu vya mti uliokatwa zamani kwa makala, yaani makaa, na kiota cha kanga chenye mayai. Tulichomeka tawi lenye kitambaa kila mahali penye hatari. Mayai tuliyakaanga. Ndipo Kalenga akaniambia jambo ambalo sijapata la kulizidi.

"Trakta inajua kwenda. Haijui inaenda wapi. Ile njo kazi yako."

Kwa ambaye hajaiona mashine yetu, nieleze kidogo. Nyuma ya trakta tunavuta kitu kama meza pana ya chuma, chini yake kuna visu vizito vinavyozunguka. Jina lake kamili ni la Kifaransa na ni refu, sisi tunaita jiro tu. Nguvu inatoka kwenye injini ya trakta, inapita kwenye fimbo nene inayozunguka, nayo ndiyo kadani. Jiro hukata mti wa unene wa kifundo cha mkono bila kulalamika. Ikigonga kisiki, visu hujikunja nyuma, na ukiwa na bahati ni boliti tu inayokatika. Usipoteze nguvu zako kuogopa visiki. Ogopa mawe. Jiwe likiingia chini ya jiro hutoka kama limetumwa, na ile minyororo inayoning'inia nyuma kulizuia hulizuia mara nyingi. Nimesema mara nyingi.

Kalenga alinifundisha kupita mara ya kwanza jiro ikiwa juu, kisha kuishusha. Alinifundisha kwamba mti mdogo uliokatwa huacha ncha kama mkuki, na kwamba ukirudi ukiikabili ncha hiyo utanunua tairi. Alinifundisha pia kwamba ukizima jiro, visu huendelea kuzunguka kwa muda, kimyakimya, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Sheria yake kuu ilikuwa ya sanduku: kila kitu kidogo kitembee kiwili. Kwa hiyo tulikuwa na pini mbili za kadani. Pini hii ni chuma kifupi, unakificha kwenye ngumi. Ikiwa mahali pake, kadani inashikana na trakta. Ukiitoa na kuvuta kadani nyuma, injini inaweza kunguruma mpaka jioni na hakuna kisu kitakachosogea.

Kalenga alipostaafu nilipewa kiti chake, sanduku lake na pini zake mbili.

Miaka michache baadaye tulipewa kazi kwenye shamba moja kubwa upande wa barabara ya Kasumbalesa. Kila mwaka, baada ya mvua, tulikata ukanda mpana kuzunguka shamba ili moto wa Agosti usivuke. Wenyeji wa pale walikuwa na mashamba yao ya muhogo na nyumba zao za nyasi ng'ambo ya ukanda, kwa hiyo ukanda huo uliwalinda wao pia. Na wanawake wao walifuata nyuma yetu kuokota miti iliyokatwa. Katika nchi ambayo msitu unageuzwa makala na kupelekwa mjini kila siku, miti mikavu iliyolala chini, bila shoka na bila safari, haikataliwi.

Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa familia za zamani za pale, Mama Mwape. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitana kuvuka mto. Nilimwomba mara nyingi wakae mbali.

"Papa Ilunga," alinijibu siku moja, "tukikaa mbali, bengine banakamata. Kuni haina jina ya muntu."

Siku nyingine jiwe lilitoka chini ya jiro, likapita kati ya minyororo na kutoboa beseni la plastiki alilokuwa amebeba mwanamke mmoja kichwani. Hakuumia. Alishusha beseni, akachungulia kwenye tundu, akaniona upande wa pili. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka.

Meneja wa shamba, Bwana Didier, alikuwa kijana aliyesomea kilimo hapa chuo kikuu, mtu mwangalifu. Alipoona lile beseni alipiga marufuku. Hakuna mwanamke kuingia kwenye ukanda. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, na ningelala usingizi.

Lakini niliyeendesha nilikuwa mimi, na niliona kilichotokea baadaye. Wanawake hawakuacha kuja. Waliacha kuonekana. Zamani niliwaona kwenye kioo, vitenge vyao tunavyoviita vikwembe, vyekundu, vya njano, vya bluu, nikajua nani yuko wapi. Baada ya marufuku walivaa vikwembe vilivyochakaa, vya rangi ya udongo na majani makavu, wakajificha kwenye vichaka kandoni mpaka nipite. Kichaka kikitikisika sikujua kama ni upepo, mbuzi, au mama wa watu. Nilianza kuendesha polepole kama nabeba mayai. Bwana Didier akaniuliza kama trakta inaumwa.

Mchana mmoja nilizima injini, nikashuka, nikapaza sauti kuelekea vichakani.

"Mamama! Mutoke! Tuongee!"

Hakutoka mtu. Nikakaa chini ya mti na kufungua bukari yangu, ugali wa kwetu, na samaki. Sikuwa nimemaliza tonge la pili.

"Unakula weye peke?" ilikuwa sauti ya Mama Mwape, nyuma yangu kabisa. Alikuwa amekaa pale muda wote. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilimkaribisha. Alikula bila haraka, macho yake kwenye mashine.

"Ile kitu inazungushwa na nini?"

Nilimpeleka nikamwonyesha kadani na pini.

"Nikitosha hii, inakufa?"

"Inakufa."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Aliitoa mwenyewe, akaipima uzito kiganjani, kisha akaifunga kwenye pindo la kikwembe chake, pale wanawake wanapofunga pesa za soko.

"Basi, hii goupille ikae kwangu. Ukimaliza kukata kipande, unasimama, unanipa. Tunaokota. Bote bakitoka, minakurudishia."

"Na kama sitakupa?"

"Juu ya nini usinipe? Uko na lazima ya kunikata?"

Nilirudi kwenye chakula changu; samaki alikuwa amekwisha.

Tulifanya hivyo kuanzia siku hiyo. Nilikata kipande, nikasimama, nikatoa pini, nikavuta kadani, nikampa. Wanawake waliingia wakiwa wamevaa rangi zao tena, wakaokota, wakafunga mizigo kwa kamba za magome. Mama Mwape alisimama ukingoni, hakuokota, aliwahesabu kwa macho. Akirudisha pini, nilijua hakuna mtu ndani. Sikuhitaji kutazama kichaka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi niliendesha bila kukunja mabega.

Bwana Didier alitukuta siku ya tatu au ya nne. Alisimamisha pikipiki yake akawatazama wanawake, akaitazama pini kwenye kikwembe, kisha akautazama ukanda tuliokwisha kuupita. Ulikuwa msafi, bila kijiti. Nyuma zaidi, palipokatwa wakati wa marufuku yake, miti mingi ilikuwa imelala na kukauka, tayari kwa moto kama imepangwa jikoni.

"Miye, sikuone kitu," akasema, akawasha pikipiki.

Mwaka ule mashine ilichelewa kutengenezwa, na mwisho wa Agosti bado tulikuwa na kipande cha mwisho, kile kilichopakana na nyumba za kina Mama Mwape. Kilikuwa na vichaka virefu na kichuguu kimoja kikubwa katikati, kile cha kwetu kinachoshinda nyumba kwa kimo. Tulikuwa tumekata hadi karibu na kichuguu. Wanawake walikuwa ndani wanaokota, pini ilikuwa kwenye kikwembe, nami nilikuwa napaka grisi, moshi ulipotokea mashariki. Upepo ulikuwa unatujia.

Bwana Didier alifika akikimbiza pikipiki. Hesabu ilikuwa rahisi. Tukikata kile kipande upesi na kuwasha moto wetu mdogo kuanzia kwenye ukanda, moto mkubwa ungekuta pamekwisha kuungua, ungekufa. Tukichelewa, ungepita pale, na nyumba ya kwanza katika njia yake ilikuwa ya Mama Mwape. Wanawake walitoka mbio, mizigo kichwani. Nilipanda kitini, nikawasha injini, nikanyoosha mkono.

"Mama, goupille."

Mama Mwape aliwatazama wenzake, mmoja mmoja.

"Béa haiko."

Béa alikuwa mke wa mwanawe, msichana mkimya aliyeolewa mwaka ule.

"Alirudia ku nyumba, Mama," akasema mmoja. "Asubui alikuwa anasikia baridi."

"Weye ulimuona anarudia?"

"Apana, lakini..."

"Basi."

"Mama," Bwana Didier akasema, na alikuwa anajitahidi kutopiga kelele, "ile moto haingojee muntu. Nyumba yako njo ya kwanza!"

"Nyumba ni yangu. Sikukutuma uililie."

"Mama Mwape, tafazali!" wakasema wenzake. Mmoja alikuwa ameanza kulia. "Mashamba yetu! Kuni zetu zote!"

Alishika pindo la kikwembe kwa mikono miwili, akakaa chini. Alikaa mbele ya gurudumu la trakta, miguu ameinyoosha, kama mtu anayechambua mboga.

Nami nilikuwa na pini ya pili. Ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kiti, karibu na kisigino changu cha kulia. Hakuna aliyejua, hivyo nilidhani. Moshi ulikuwa umeanza kuuma macho. Nilijiambia kwamba Béa amerudi nyumbani, kila mtu mwenye homa hurudi nyumbani. Nilijiambia kwamba ningeweza kurudi nyuma kidogo, kumzunguka Mama pale alipokaa, na kuokoa nyumba yake bila ruhusa yake, na jioni angenishukuru. Yote hayo yalikuwa na maana. Bado yana maana nikiyaandika.

Mama Mwape aliinua uso akanitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama chini ya kiti.

"Najua iko ingine mu kasanduku," akasema. "Weye njo ulituambia, kwa Vieux Kalenga kila kitu inatembea mbili. Tia, basi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anamkaribisha mtu ndani.

Nilizima injini.

Bwana Didier alinitazama, akamtazama yeye. Kisha aliangusha pikipiki pale pale na kukimbilia kwenye vichaka, akiita jina. Wanawake walitupa mizigo wakamfuata. Mimi nilishuka na kwenda upande wa kichuguu. Hakuna aliyekaa isipokuwa Mama Mwape, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na pini.

Bwana Didier ndiye aliyempata. Béa alikuwa ametetemeka kwa malaria, akatafuta kivuli, na kivuli pekee cha karibu kilikuwa nyuma ya kichuguu, ndani ya kile kipande ambacho hatujakikata. Alikuwa amekunja kikwembe chake chekundu akakifanya mto, akalala ndani ya majani, mwili wake wa moto hausikii injini wala majina. Trakta ingezunguka kichuguu kwa kushoto, kama nilivyozunguka kila mwaka. Nilisimama pale na kuona njia yangu ilivyopita juu yake, wazi kama imechorwa.

Bwana Didier alimbeba hadi barabarani, shati lake likiwa limeloa jasho la wote wawili. Mama Mwape alimgusa Béa paji la uso, akafungua fundo, akanipa pini.

"Sasa kata."

Nilikata. Nilikata vibaya, nilivunja boliti mbili, na sikumaliza. Moto ulifika ukavuka pale palipobaki. Ulipita upande mmoja wa shamba ukala ua na banda la magunia. Ng'ambo uliingia kwa Mama Mwape. Paa lake liliungua lote. Muhogo ulinusurika, kwa sababu muhogo una akili, huweka mali yake chini. Lakini kuni zake za mwaka mzima, alizopanga nyuma ya nyumba kama ukuta, zile tulizokuwa tumekata na wakaziokota kwa miezi, ziliwaka hadi kesho yake asubuhi. Nilipita pale nikaona majivu yamebaki katika umbo la mpango wake, mistari iliyonyooka.

Siku zilizofuata trakta ilibeba nyasi za kuezekea, kazi ambayo haikuwa kwenye programu ya kampuni na ambayo Bwana Didier, kwa mara nyingine, hakuiona. Béa alipata dawa akapona. Bado yuko, ana watoto wakubwa, na mmoja wao anataka kujifunza trakta, Mungu amsaidie.

Paa lilipokwisha tulirudi kumaliza ukanda. Nilikata kipande cha kwanza, nikazima. Nilikuwa bado sijashuka nikamwona Mama Mwape anakuja kati ya visiki vilivyoungua, wanawake wake nyuma, Béa katikati yao akiwa amevaa ile rangi nyekundu. Nilitayarisha maneno ya pole. Yeye alinyoosha mkono.

"Leta goupille, Papa Ilunga. Kuni zilisha kuisha."

Nilimpa. Kisha nilifungua sanduku nikatoa ile ya pili, nikampa nayo. Aliziangalia zote mbili kiganjani mwake. Ile ya pili aliitupa, bila kuzungusha mkono, katikati ya vichaka. Mwaka uliofuata niliigonga kwa kisu. Ile ya kwanza aliichukua, akachana ukingo wa kikwembe cha Béa kwa meno, akaifunga kitambaa hicho, ili ionekane ikianguka kwenye majani.

Mama Mwape alifariki siku nyingi zilizopita. Mafundi wa kampuni wamekuwa wakiandika kila ukaguzi kwamba pini ya akiba haipo, nami nimekuwa nikikubali kila ukaguzi kwamba haipo. Trésor, pini ikipotea, utasimama. Utarudi mjini kutafuta nyingine, utapoteza siku, na watakusema. Waache waseme. Anayeingia nyuma ya jiro, awe fundi, awe mwanamke wa kuni, awe meneja, aingie na pini mkononi mwake, na asiwepo mtu yeyote duniani mwenye nyingine.

Kitambaa huchakaa. Hicho ulichokikuta si cha Béa, ni cha ngapi sijui. Kikikatika, usinunue. Omba kwa mama atakayekuwa ukingoni siku hiyo, naye atakuuliza ni cha nini. Mwambie.